Taa za pikseli kwa kazi kubwa: WS2812B, WS2811, WS2815 au APA102?

Umeamua kutengeneza mwenyewe ukuta wa taa wa nyuma ya jukwaa la harusi, dari ya matatu, au urembo wa mbele ya jengo, na unataka kila taa iwe na rangi yake kwa wakati wake. Taa moja ya aina hiyo huitwa pikseli. Ukianza kuulizia, utatajiwa namba nne: WS2812B, WS2811, WS2815 na APA102. Zote zina LED nyekundu, kijani na buluu, na zote zina chipu ndogo inayopokea amri kutoka kwenye kontrola, yaani kifaa kinachoamua kila taa iwe na rangi gani. Ukiwasha mita moja mezani, huoni tofauti ya maana. Tofauti hujitokeza taa zikishafika mia kadhaa, waya zikirefuka, na shughuli yenyewe ikiwa leo usiku.

Kwa hiyo mwenye taa 60 za kupamba rafu achukue yoyote anayoipata. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu mwenye pikseli 500 na kuendelea.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha ni pikseli kweli

Madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, tepe nyingi za rangi ni zile za kawaida: roli zima hubadilika rangi kwa pamoja. Usitegemee maandishi ya boksi. Fungua roli, soma herufi zilizochapwa kwenye shaba mahali pa kukatia. Ukiona 12V, R, G, B, hizo si pikseli, na hakuna programu itakayozifanya ziwe pikseli. Ukiona DI au DIN upande mmoja, DO upande wa pili, na mshale unaoonyesha data inakoelekea, hizo ndizo. Zenye DI na BI ni za jamii ya WS2815. Zenye DI na CI, yaani data na saa, ni za jamii ya APA102.

## Vigezo

Umeme na umbali. Hiki nakiweka mbele ya vyote, kwa sababu ndicho kinachoangusha kazi nyingi kubwa. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, uleule fundi wa nyumba anaoupitisha kwenye taa. Uvute mita 5 kutoka pawa saplai hadi kwenye pikseli, yaani mita 10 kwenda na kurudi, kisha upitishe ampea 10. Waya peke yake utakula takribani volti 1.15. Ulianza na volti 5? Taa zinapata 3.85. Ulianza na 12? Zinapata 10.85. Sasa, LED ya buluu na ya kijani huhitaji volti 3 au zaidi kidogo, na chipu nayo inataka yake; nyekundu hutosheka na 2 hivi. Ndiyo maana nyeupe ya mwisho wa utepe wa volti 5 hugeuka manjano, kisha nyekundu. Watu hubadilisha programu usiku kucha wakati tatizo ni waya mwembamba.

Kasi ya data. Jamii ya WS hutumia waya mmoja wa data unaopitisha biti 800,000 kwa sekunde. Pikseli moja inahitaji biti 24, hivyo inachukua mikrosekunde 30. Pikseli 1,000 kwenye mstari mmoja ni milisekunde 30, sawa na picha 33 kwa sekunde. Zikifika 2,000 unabaki na picha 16, na mwendo unaanza kukatikakatika. Dawa ni kugawa mistari: ESP32 moja (kibao kidogo kinachotumika kama kontrola) yenye WLED, programu ya bure ya kuendesha pikseli, inaweza kulisha mistari kadhaa kwa pamoja, na pikseli 1,000 zikigawanywa mara nne zinamalizika kwa milisekunde 7.5.

Taa moja ikifa. Data hupita pikseli hadi pikseli. Swali ni je, mmoja akikatika, waliobaki wanaendelea?

Kamera. LED hizi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Jicho haliioni hali hiyo, lakini kamera huiona kama mistari myeusi inayopanda na kushuka. Kwa kazi ya harusi au ibada inayorushwa moja kwa moja, hili si jambo dogo.

Kufunga na kutengeneza. Mvua, joto, chumvi ya pwani, na je, fundi akiwa juu ya ngazi anaweza kubadilisha moja bila kushusha zote?

## WS2812B

*Umeme.* Volti 5. Hesabu ya usalama ni miliampea 60 kwa pikseli moja ikiwa nyeupe kamili. Matoleo ya karibuni hula pungufu, lakini panga kwa 60. Pikseli 1,000 ni ampea 60, wati 300. Ampea 60 si za kuchezea: zinataka waya nene, fyuzi kwa kila tawi, na pawa saplai zilizotawanywa karibu na taa, si moja kubwa iliyofichwa nyuma ya jukwaa. Kwa utepe wa pikseli 60 kwa mita, lisha umeme upya kila baada ya mita 2.5 hivi kama utawasha nyeupe. Ukipunguza mwanga hadi theluthi, jambo ambalo ndani ya ukumbi linatosha kabisa, mzigo wote huo hushuka sana. WLED ina sehemu ya kuweka kikomo cha ampea, itumie.

*Data.* Mikrosekunde 30 kwa pikseli. Maktaba za programu, yaani kodi iliyokwisha andikwa ambayo unaitumia kwenye programu yako, ziko tele: FastLED, na ile ya Adafruit, kampuni iliyozipa taa hizi jina la NeoPixel. Tahadhari moja: chipu ya volti 5 hutarajia ishara ya angalau volti 3.5, wakati ESP32 hutoa 3.3. Mara nyingi inafanya kazi mezani na kugoma kwenye eneo la kazi. Weka chipu ya 74AHCT125 katikati ili kuinua ishara hadi 5.

*Ikifa moja.* Zote zinazofuata baada yake huzimika, au hubaki na rangi za ovyo. Unakata kipande na kulehemu kingine.

*Kamera.* Za awali hupepesa takribani mara 400 kwa sekunde, na kamera inazikamata kwa urahisi. Matoleo mapya hufika mara 2,000. Uliza toleo, kisha jaribu kwa kamera itakayotumika siku hiyo.

*Kufunga.* Hapa ndipo inapong'aa: kuna tepe za pikseli 30, 60 na 144 kwa mita, na mikeka laini ya 16 kwa 16, yaani pikseli 256, ambayo ukiipanga unapata skrini. Udhaifu wake ni viungo vidogo vya shaba vinavyokatika ukikunja mara kwa mara. Zile zilizofunikwa silikoni huvumilia manyunyu lakini hushika joto. Zibandike juu ya reli ya alumini.

*Inamfaa nani.* Anayetaka picha au maandishi yanayotazamwa kwa karibu, ndani ya jengo, na anayeanza kujifunza.

Ndugu yake anayestahili kutajwa ni SK6812 ya rangi nne, yenye LED ya nne iliyo nyeupe halisi. Nyeupe inayotengenezwa kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu hufanya ngozi ya mtu ionekane kama ya mgonjwa. Kama taa zitamulika nyuso, hii inafaa kuliko zote nne, japo pikseli yake ina biti 32 na hivyo inachukua mikrosekunde 40.

## WS2811

Hapa chipu iko nje ya LED, na hiyo ndiyo sababu inapatikana kwa maumbo mengi: risasi, yaani taa moja moja zenye umbo la risasi, za milimita 12, zilizozamishwa kwenye gundi ngumu na kuunganishwa kwa waya, mara nyingi 50 kwa mkufu; moduli bapa za kubandika ndani ya herufi za mabango; na utepe wa volti 12.

*Umeme.* Simama hapa, maana wengi hudhani volti 12 maana yake ni umeme kidogo. Chipu hii hupitisha takribani miliampea 18.5 kwa kila rangi, jumla 55 hivi kwa nyeupe. Risasi ya volti 5 inakula wati 0.28. Risasi ya volti 12 yenye LED moja hupitisha miliampea zilezile 55, kwa hiyo inakula wati 0.66, na zaidi ya nusu inaishia kuwa joto. Faida yake si kubana matumizi. Faida ni kwamba ina akiba ya volti: waya ukila volti 2 njiani, rangi haibadiliki. Kwenye ukuta wa nje wa ghorofa, mita nyingi kutoka kwenye chanzo, akiba hiyo ina thamani kuliko wati zinazopotea.

Utepe wa volti 12 ni habari nyingine. LED tatu zimefungwa mfululizo chini ya chipu moja, hivyo miliampea 55 zinawasha tatu badala ya moja. Umeme unatumika vizuri, lakini LED tatu zinabadilika pamoja. Ukitazamwa kutoka ng'ambo ya barabara, hakuna atakayegundua. Ukiandika herufi ndogo, zitaonekana zimegawanyika vipande.

*Data.* Kama WS2812B, ila mpangilio wa rangi hutofautiana. Ukiagiza nyekundu ikaja kijani, hujaharibu kitu. Badilisha mpangilio kwenye programu.

*Ikifa moja.* Zinazofuata hukatika, sawa na WS2812B. Lakini kwa risasi na moduli, kutengeneza ni kukata waya tatu na kuunga tatu, kazi anayoiweza mtu aliye juu ya ngazi bila kioo cha kukuza.

*Kamera.* Iweke kundi moja na WS2812B: jaribu kabla ya siku yenyewe.

*Kufunga.* Risasi haina mpinzani nje ya nyumba. Toboa plywood au karatasi ya alumini kwa kekee ya milimita 12, sukuma kutoka nyuma, imekaa. Maji hayapenyi kwenye risasi yenyewe. Yanapenya kwenye viungo vyako, kwa hiyo vifunike kwa bomba la kusinyaa lenye gundi, hasa Mombasa, Tanga na Unguja ambako hewa ya chumvi hula shaba iliyo wazi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabango, herufi, mbele ya jengo, na kitu chochote kitakachonyeshewa.

## WS2815

*Umeme.* Volti 12, na kila pikseli inajitegemea, si tatu tatu. Inakula takribani miliampea 15, sawa na wati 0.18. Linganisha: pikseli 1,000 ni ampea 15 badala ya 60. Waya zinapungua unene, sehemu za kulishia umeme zinapungua, na fundi analala.

Wanaotumia betri ya sola wawe makini. Betri ya volti 12 ikichajiwa hupanda hadi 14.4, wakati taa hizi zimewekewa mwisho wa 13.5. Weka kidhibiti cha volti katikati.

*Data.* Kasi ileile, na programu zilezile.

*Ikifa moja.* Hii ndiyo sifa iliyoipatia umaarufu. Ina waya wa pili wa akiba, BI, unaoleta ishara kutoka pikseli iliyotangulia ile ya jirani. Mmoja akifa, anayefuata anamruka na kuendelea. Wakifa wawili mfululizo, mstari unakatika kama kawaida. Mwanzoni mwa utepe, BI ya pikseli ya kwanza iunge kwenye hasi. Ukiiacha ikining'inia inaweza kuokota kelele.

*Kamera.* Mara 2,000 kwa sekunde. Kwa kamera nyingi inatosha.

*Kufunga.* Kwa kawaida huuzwa kama utepe, wenye sehemu nne za kulehemu badala ya tatu. Na kuna hatari ambayo volti 5 haina kwa kiasi hicho: bisibisi ikiteleza ikagusanisha volti 12 na waya wa data, unaunguza pikseli na pengine kontrola. Zima umeme kabla ya kugusa kiungo chochote, kila mara. Bei yake kwa mita huwa juu ya WS2812B, lakini jumlisha na waya na pawa saplai ulizookoa kabla ya kusema ni ghali.

*Inamfaa nani.* Mistari mirefu, na shughuli ambayo haiwezi kusimama kwa ajili ya taa moja.

## APA102

*Umeme.* Volti 5, mzigo wa aina ya WS2812B, na matatizo yaleyale ya umbali.

*Data.* Hapa ni dunia nyingine. Kuna waya wa data na waya wa saa, hivyo kontrola haihitaji kuhesabu mikrosekunde kwa ukali. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, inaweza kuziendesha moja kwa moja. Kwa mwendo wa megahezi 4, pikseli yenye biti 32 inachukua mikrosekunde 8. Pikseli 1,000 ni milisekunde 8. Mstari ukiwa mrefu sana na rangi zikianza kurukaruka, punguza mwendo wa saa, zinatulia. Tena ina ngazi 31 za mwanga wa jumla, nje ya zile 256 za kila rangi, na hiyo husaidia mwanga hafifu ufifie taratibu.

*Ikifa moja.* Hakuna akiba. Mstari unakatika.

*Kamera.* Hapa inashinda wote: takribani mara 20,000 kwa sekunde. Mwenzake SK9822, anayefanana naye na mara nyingi kuuzwa kwa jina lake, hupepesa mara 4,700 hivi, ambayo nayo ni nzuri.

*Kufunga.* Waya nne, bei ya juu, na si kila duka linazo. Nunua na za akiba kabisa.

*Inamfaa nani.* Kazi ya filamu, kitu kinachozunguka kwa kasi na kuchora picha hewani, au mwenye Raspberry Pi na mwendo unaotaka kasi kubwa.

## Yasiyobadilika kwa yoyote utakayochagua

Hasi ya pawa saplai na hasi ya kontrola lazima ziungane, la sivyo data haisomeki. Weka rezista (kizuia umeme) ya omu 330 hivi kwenye waya wa data karibu na pikseli ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kwenye mlango wa umeme. Pawa saplai usiibebeshe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa. Zile za bati lenye matundu mara nyingi zina swichi ndogo ubavuni ya 115 na 230: ihakikishe iko 230 kabla ya kuchomeka, kisha zifungie ndani ya boksi na uunge ethi. Pale zinapoingilia waya za volti 230 huwa pako wazi, na ukumbini kuna watoto.

Kontrola ikiwa mbali na pikseli ya kwanza, usirefushe waya wa data ukitegemea bahati. Tumia kebo ya mtandao pamoja na vichipu vya RS-485, vinavyosafirisha ishara mbali bila kuharibika, pande zote mbili, au sogeza kontrola.

## Kwa hali yako

Jukwaa la harusi linalofungwa na kufunguliwa kila wikendi: WS2815 kwenye reli za alumini, kila paneli na konekta zake. Usikunje tepe. Kukunja ndiko kunakokata viungo, na waya wa akiba utakuokoa bwana harusi akiwa tayari mlangoni.

Bango au mbele ya jengo, hasa pwani: risasi za WS2811 za volti 12. Kama bango ni kubwa na linatazamwa kutoka mbali tu, utepe wa LED tatu tatu utakupunguzia gharama na umeme.

Matatu au basi: angalia kwanza gari ni la volti 12 au 24, mengi ya magari makubwa ni 24. Usiunge taa moja kwa moja. Weka kibadilishi cha kushusha hadi volti 12 imara, kisha WS2815. Kwa gari dogo lenye pikseli chache karibu na kibadilishi, WS2812B ya volti 5 inafanya kazi vizuri.

Kanisa au ukumbi unaorusha ibada: SK6812 ya rangi nne kwa mwanga unaofika kwenye nyuso. Kama mpiga picha wenu analalamikia mistari kwenye skrini hata baada ya kubadilisha kasi ya shata, urembo wa nyuma uwe APA102.

Skrini ya picha na maandishi ndani ya ukumbi: mikeka ya WS2812B, pawa saplai kadhaa ndogo nyuma yake, na kikomo cha mwanga kwenye programu.

Wanafunzi na klabu za shule: WS2812B, kwa kuwa mifano na maelezo yake ni mengi. Ila kama kontrola ni Arduino Uno, kibao kinachotumiwa sana na wanaojifunza, kumbuka ina baiti 2,048 tu za kumbukumbu, na kila pikseli inataka tatu. Pikseli 500 zinameza 1,500. Kwa zaidi ya hapo nendeni ESP32.

Na kama umekwama kati ya mbili, nunua mita moja ya kila moja pamoja na waya wenye urefu uleule utakaotumia kwenye kazi. Washa nyeupe kamili kwa saa nzima, pima volti mwishoni mwa utepe, gusa kama kuna joto, na ipige video kwa kamera ya siku hiyo. Ukishachagua, nunua zote kwa mara moja kutoka shehena moja, pamoja na akiba ya sehemu moja kwa kumi, kwa sababu roli la mwezi ujao linaweza kuja na nyeupe ya kivuli tofauti.